Rangi Imetoka, Kutu Imebaki: Kusoma Dalili Kwenye Bodi ya Gari Kabla ya Praima

Kazi nyingi za kutoa rangi ya zamani haziharibikii kwenye kutoa. Zinaharibikia katika saa chache kati ya bati kubaki uchi na praima, yaani rangi ya kwanza ya kulinda bati, kukauka, na kosa huja kuonekana miezi kadhaa baadaye, gari likiwa limeshakabidhiwa. Kwa hiyo hapa tunaanza na kile unachokiona kwenye bati, ndipo tutafute kilichosababisha.

Kwanza jua unachokikwangua

Funga sumaku ndogo kwa kitambaa chembamba uipitishe polepole juu ya paneli. Inaponata kwa nguvu, chini kuna chuma na rangi nyembamba. Inaponata kivivu, kuna puti, ile ya kujazia mabonde. Isiponata kabisa, ni alumini, plastiki, faibaglasi, au puti ya kutisha. Usiliruke hili: dawa ya kutoa rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma inaweza kulainisha bampa la plastiki, na brashi ya waya wa chuma huacha chembe ndani ya alumini ambazo baadaye huifanya ioze chini ya rangi mpya.

Ukiwa na kipima unene, rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya mikroni 100 na 150 hivi (mikroni 1,000 ni milimita moja), tabaka zote pamoja. Ikisoma 300, hapo pamepigwa rangi tena. Ikipita 1,000, tegemea puti. Bati lenyewe kwenye magari mengi madogo halizidi sana milimita 0.7 au 0.8. Namba hiyo ndiyo sababu ya tahadhari nyingi zinazofuata.

Kipimo cha tatu ni kitambaa cheupe kilicholowa tina ya laka (kiyeyushi cha rangi), kikiwekwa mahali pasipoonekana kwa dakika moja. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, ni ya selulosi au nyingine inayokauka kwa tina kuyeyukia hewani tu. Ikivimba na kukunjamana, ni rangi ya mafuta. Isipofanya lolote, ni rangi ya hadina (dawa ya kukaza inayochanganywa kabla ya kupiga) au ya kuchomwa kiwandani. Andika jibu hilo kwenye tepu uibandike kwenye kioo cha mbele. Utalihitaji siku ya kupiga praima.

Msasa unaziba baada ya kupita mara chache

Vyanzo viko viwili, na mara nyingi vinakuja pamoja. Cha kwanza ni joto: mashine ikizunguka kasi sana, rangi laini huyeyuka na kuganda kwenye msasa kama vidonge vya gundi. Punguza kasi, tumia msasa namba 80 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi) kwa rangi ngumu, na usiikandamize mashine; uzito wake unatosha. Cha pili ni nta na mafuta yaliyokuwa juu ya rangi tangu mwanzo. Hapo kuna kosa la mpangilio ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya: wanapiga msasa kwanza, wanafuta mafuta baadaye. Msasa huichukua nta na kuizika ndani ya mikwaruzo, na kitambaa hakiifikii tena. Osha kwa sabuni, futa kwa kiondoa nta, ndipo ushike msasa. Ukimaliza, futa tena.

Gari lililopigwa rangi mara tatu au nne halifai msasa pekee. Utamaliza boksi zima kwenye boneti moja. Hapo tumia dawa.

Vumbi la rangi za zamani linaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaa yenye vichujio vya chembe vya daraja la P2 au P3, na usiingie sebuleni na nguo za kazi.

Dawa ya kutoa rangi haifanyi kazi, au inatoa tabaka la juu tu

Mara nyingi dawa ni nzima, ila imepakwa kama rangi. Ukiisugua kwa brashi kwenda na kurudi, unaikata ngozi ya juu inayozuia mvuke kutoroka, na inakauka kabla ya kufanya kazi. Fanya hivi:

1. Chora rangi kwa msasa namba 40 au 60, mistari ikikatana, ili dawa ipite lakha (rangi angavu) ya juu. Lakha ya hadina ndiyo inayoizuia dawa.
2. Paka nene, milimita 2 hadi 3, brashi ikienda upande mmoja tu.
3. Funika kwa karatasi ya nailoni. Fanyia kivulini, bati lililopigwa na jua huikausha dawa kwa dakika chache.
4. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi dakika 15 hadi 30. Jaribu kukwangua pembeni. Ikitoka laini hadi chini, endelea. Ikitoka nusu, paka tena.
5. Kwangua kwa skrepa ya plastiki, au ya chuma iliyosagwa pembe zake zikawa mviringo.

Acha sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kila ungio la mabati, na ufunike maungio kwa tepu tabaka mbili. Sehemu hiyo itoe kwa msasa wa mkono. Dawa ikiingia katikati ya mabati mawili haioshwi kirahisi. Inakaa humo, halafu siku za jua kali inachuruzika nje na kuinyanyua rangi mpya. Ukiona rangi mpya imevimba kwa mstari mwembamba unaofuata ukingo wa mlango, ndicho chanzo.

Soma kopo kabla ya kulifungua. Dawa kali za zamani zilikuwa na kloridi ya methilini. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hujikusanya chini, na mwilini hugeuka kuwa monoksidi ya kaboni. Umeshaua watu waliofanya kazi ndani ya vyumba vilivyofungwa. Mwaka 2019 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipiga marufuku kuwauzia watumiaji wa kawaida dawa za kutoa rangi zenye kemikali hiyo. Barakoa ya kawaida ya mkaa huzidiwa nayo haraka, na glavu nyembamba za hospitali hupenywa nayo. Kama huna budi, fanyia nje kabisa.

Bati limepata rangi ya bluu, au linapiga “tok” ukilibonyeza

Umelichoma. Chuma huanza kuonyesha rangi ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi, na hufika bluu karibu na 300. Ukiiona bluu, bati lilishatanuka mahali pamoja, likakosa pa kwenda kwa sababu pembeni ni baridi, likatuna. Likipoa halirudi lilivyokuwa. Diski ya kusagia welding haina kazi kwenye paneli ya nje. Diski ya flapu (ya vipande vya msasa vilivyopangana) nayo iachie pembe na mabaki ya welding. Kwa kutoa rangi na kutu ya juu juu tumia diski ya nyavu ngumu, ile nyeusi au ya zambarau inayofanana na stilwaya ya kusugulia masufuria lakini nene kama kidole: inakula rangi na kutu, chuma inakigusa kidogo tu. Isogeze muda wote. Kila baada ya nusu dakika weka kiganja juu ya bati. Usipoweza kukiacha hapo kwa kuhesabu hadi tano, hamia paneli nyingine.

Kupuliza mchanga nako hupinda mabati, na si kwa joto kama wengi wanavyodhani. Kila punje ni nyundo ndogo. Punje hizo hulitandaza bati upande mmoja, likawa kubwa kuliko nafasi yake. Boneti, paa na ngozi ya mlango visipelekwe kwenye mchanga wa presha kubwa. Chasi, bawaba na sehemu nene hazina shida.

Bati linalocheza “tok” halizibwi kwa puti. Litaendelea kucheza chini ya puti hadi puti ipasuke. Linahitaji fundi wa kunyoosha anayejua kulirudisha kwa kulipasha na kulipoza vidoa kwa vidoa.

Kutu imetoka lakini vidoa vyeusi vimebaki

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, kwa hiyo tukae kidogo.

Washa tochi ya simu, ilaze karibu kabisa na bati ili mwanga upite kiubavu. Utaona eneo linalong'aa, na ndani yake vitobo kama vinyweleo vya ngozi, kila kimoja kina kitako cheusi. Hicho cheusi ni kutu ileile. Brashi ya waya kwenye grinda ndiyo mwongo mkubwa kuliko zana zote hapa: haiitoi kutu iliyo ndani ya vishimo, inaing'arisha. Kutu iliyosuguliwa kwa waya hung'aa kahawia iliyokolea kama kiatu kilichopigwa kiwi, na macho ya haraka huiona ni chuma. Chukua msumari uukwaruze. Chuma safi huacha mstari mweupe wa fedha. Kutu huacha unga wa kahawia.

Usijaribu kuvifuta vishimo kwa msasa hadi vipotee. Kishimo cha milimita 0.2 kwenye bati la 0.7 kinamaanisha utabakiwa na 0.5, bati jembamba linaloitika kila ukiegemea. Kishimo kiachwe kibaki kishimo, mradi kiwe kisafi. Asidi ya fosforiki iliyotengenezwa kama jeli ndiyo inayofika humo:

Toa mafuta, piga msasa namba 80, paka jeli, na uiweke ikiwa imelowa kwa dakika 15 hadi 30. Isugue kwa brashi ndogo ya shaba au kwa msasa wa nyavu wakati ikiwa bado imelowa. Futa, angalia kwa tochi, rudia. Vishimo vya kina vinaweza kutaka mizunguko mitatu. Usiiache ikauke juu ya bati. Mwishoni suuza kama kopo linavyosema na ukaushe papo hapo kwa hewa ya kompresa, hasa kwenye pembe. Vaa miwani na glavu nene.

Asidi ya betri na asidi ya kusafishia vyoo hazina nafasi kwenye bodi. Hii ya pili ni mbaya zaidi, maana huacha kloridi ndani ya vishimo, na kloridi huvuta unyevu na kuianzisha kutu upya chini ya rangi. Siki na asidi ya sitriki ni nzuri, ila kwa vipande vinavyoweza kuzamishwa: bawaba, mabano, boliti za kawaida. Gramu 50 hadi 100 za sitriki kwa lita moja ya maji, usiku mmoja, kisha maji yenye bekingi soda, kisha kausha.

Kabla ya yote hayo, bonyeza eneo kwa ncha ya bisibisi. Likibonyea kama kadibodi au bisibisi ikapita, acha dawa. Hapo panakatwa na kuchomelewa bati jipya.

Bati lilikuwa jeupe jana, leo lina rangi ya chungwa

Hii ni kutu ya haraka. Chuma kilichotoka kukwanguliwa hakina kinga yoyote, na kwenye hewa yenye unyevu kutu huanza safari ndani ya saa chache. Tazama umbo lake, litakuambia lilikotoka. Alama za vidole vitano ni jasho la mkono. Vaa glavu safi. Michirizi kuelekea chini ni maji ya kusuuzia. Ukungu wa rangi ya chungwa ulioenea sawasawa ni umande.

Umande ndio unaowachanganya watu, kwa sababu hauonekani. Kanuni inayotumika kwenye kazi za rangi ni kwamba bati liwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho hewa huanza kutoa umande, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80 hutoa umande kwenye nyuzi 21 na kidogo. Bati lililolala nje usiku linaweza kuwa na 20 asubuhi huku wewe unasikia joto. Lipe muda lipate joto la chumba kabla ya kuligusa.

Kutu hii haina kina. Msasa namba 120 kwa mkono, kiondoa mafuta, na praima siku hiyohiyo. Toa rangi kwa kiasi unachoweza kukipiga praima kabla ya jioni: mlango mmoja leo, mwingine kesho. Gari zima likibaki uchi wiki nzima, utakuwa unapiga msasa uleule kila asubuhi. Wala usilinde bati kwa mafuta ya kupuliza; yataingia kwenye mikwaruzo na utayakuta tena kwenye praima. Praima ya kopo moja isiyo na hadina nayo si kinga, inafyonza maji.

Dawa ya kubadili kutu imeacha unga mweupe, inanata, au haikugeuka nyeusi

Dawa hii huigeuza kutu badala ya kuitoa. Unga mweupe ni asidi ya fosforiki iliyokosa kutu ya kula na ikakauka juu ya chuma. Usiufute mkavu. Ulowanishe kwa asidi ileile, usugue, kisha usuuze kabla haujakauka tena. Kunata maana yake imepakwa nene au hewa ilikuwa na unyevu mwingi. Ikwangue urudie kwa tabaka jembamba.

Zile za asidi ya taniki hugeuza kutu kuwa nyeusi yenye bluu. Ikibaki kahawia, kulikuwa na mafuta au magamba yaliyolegea ambayo dawa haikuyapenya. Kwenye paneli ya nje itakayopigwa rangi nzuri, tunaipendelea njia ya kuitoa kutu kuliko kuibadili. Dawa ya kubadili inafaa zaidi chini ya gari.

Praima au rangi mpya inabanduka, inavimba au inakunjamana

*Inabanduka kama ngozi ya nyoka, bati chini likiwa safi.* Bati lilikuwa laini mno au lilikuwa na mabaki ya asidi. Praima ya epoksi inataka mikwaruzo ya namba 80 hadi 180. Bati lililong'arishwa kwa namba 400 halina pa kuishikilia. Pia, watengenezaji wengi wa epoksi hukataza kuipiga juu ya praima ya asidi (ile inayouma bati ili ishike). Chagua mfumo mmoja.

*Puti inabanduka au haigandi vizuri.* Puti ya poliesta haipendi kuwa juu ya praima ya asidi. Asidi huiharibu kazi ya hadina. Iweke juu ya bati tupu lenye mikwaruzo ya namba 80, au juu ya epoksi iliyokauka. Hadina ya puti ni takribani asilimia 2 kwa uzito, yaani gramu 20 kwa kilo. Ukizidisha ili ikauke haraka, utaona madoa mekundu au ya njano yakipanda hadi kwenye rangi ya juu. Na puti haipigwi msasa wa maji, kwani inayanywa na kuyapeleka kwenye chuma.

*Inakunjamana pale rangi ya zamani inapokutana na bati.* Rudi kwenye ile tepu ya kwenye kioo. Rangi ya mafuta au ya selulosi hulowa tina ya praima mpya ukingoni na kuvimba. Kama ukingo ulikatwa wima, tatizo ni kubwa zaidi. Ukingo mzuri ukiutazama kwa karibu unaonyesha duara ndani ya duara: bati, praima ya kiwandani, rangi, lakha, zote zikiteremka kwa upana wa sentimita 2 au 3, na ukipitisha kucha haikwami. Nenda namba 80, kisha 180, kisha 320. Rangi ikiwa ya mafuta, ni afadhali kuitoa paneli nzima.

*Vishimo vya duara, macho ya samaki.* Ni silikoni au mafuta, mara nyingi kutoka kwenye dawa za kung'arisha dashibodi, au kwenye kompresa yenye maji na mafuta. Futa kwa vitambaa viwili: cha kwanza kimelowa, cha pili kikavu kikifuata kabla kiondoa mafuta hakijakauka. Kitambaa kimoja huyahamisha mafuta tu.

*Malengelenge madogo baada ya mvua.* Chumvi au maji yalifungiwa chini. Kabla ya praima, nyunyiza maji safi kwenye bati: yakitandaa kama karatasi bila kukatika kwa sekunde 30, hapana mafuta, yakijikusanya matone, bado kuna mafuta. Likaushe kabisa kisha upige praima.

Praima na rangi zenye hadina ya kemikali iitwayo isosianati hudhuru mapafu, na barakoa ya vichujio si ulinzi wa kutegemewa. Zinatakiwa kupigwa na mtu anayevuta hewa safi kupitia bomba.

Kutu imerudi palepale

Kama lengelenge limetoka chini ya mlango, kwenye ukingo wa tao la gurudumu au chini ya kizingiti, na juu yake hakukuwa na mkwaruzo, kutu haikuanzia nje. Imetoboa kutoka ndani, na ulichokuwa unasafisha ni ncha yake. Fungua paneli ya ndani ya mlango utazame chini. Karibu kila mara utakuta matundu ya kutolea maji yamezibwa na matope au na rangi ya mara iliyopita. Yazibue kwa waya mwembamba, ondoa tope, kausha. Kazi ya welding na rangi ikishaisha na kukauka, pulizia nta ya ndani kwa mrija mrefu, hadi uione ikidondoka kwenye matundu yale. Kisha yazibue tena. Nta ikitangulia welding, inawaka.

Vidoa vya kutu kwenye kioo na kwenye gari la jirani

Ni cheche za grinda. Kila cheche ni tone la chuma cha moto, na likitua kwenye kioo linayeyusha kidogo na kujipachika. Baada ya mvua ya kwanza linaota kutu. Kwenye rangi, udongo maalumu wa kusafishia rangi huviondoa vingi. Kwenye kioo, wembe mpya uliolazwa kwenye maji ya sabuni hutoa vya juu, lakini vilivyoingia huacha shimo dogo ambalo halizibiki. Funika vioo vyote kwa blanketi la welding kabla ya kuwasha grinda. Nailoni huyeyuka ikaganda kwenye kioo, na hapo unakuwa na kazi mbili.